Mkanda Usio na Pa Kukazwa

Swali huwa ni lile lile: mkanda wa draya unakazwa kiasi gani? Anayeliuliza mara nyingi keshanunua mkanda mpya, keshafungua mashine, na sasa amechuchumaa mbele ya sanduku la bati akiwa na spana mkononi, anatafuta nati ya kukazia. Hataiona, kwa sababu haipo. Draya nyingi za nyumbani, ziwe za Marekani au za Ulaya, hazimwachii mtu nafasi ya kukaza chochote. Mkanda unavutwa na springi, na nguvu ya springi hiyo ilishapangwa kiwandani. Kwa hiyo anayetaka kuujua ugonjwa wa mashine yake na aligeuze swali: kama mkanda haukazwi na mtu, basi ukilegea, ni nini kimeuachia? Na ukikatika, ni nini kimeukata? Asipolijibu hilo, na huo mpya atautupa baada ya miezi michache.

Mimi nililielewa jambo hili kupitia kwa baba mkwe. Alitoka Njombe kuja kututembelea Minnesota, tiketi ikaangukia Februari, na wiki ile ile aliyofika draya yetu ikagoma. Ukibonyeza kitufe mota inavuma, lakini nguo zimelala ndani ya pipa kama zilivyowekwa. Huko kwao Baba ana mashine ya kusaga mahindi, na mikanda ameishi nayo maisha yake yote. Akaomba tochi, akapiga magoti, akachungulia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza, "Mwanangu, pa kukazia pako wapi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Kwenye mashine ya kusaga, mota au injini ya dizeli hufungwa juu ya reli zenye matundu marefu. Mikanda ikilegea unalegeza bolti, unaisukuma mota nyuma kwa mtaimbo, unakaza tena, kisha unajaribu kwa dole gumba. Kanuni ya mafundi wa mikanda ya V ni kwamba, katikati ya puli mbili, mkanda ubonyee kama milimita 16 kwa kila mita moja ya umbali kati yake. Baba hajawahi kuisoma kanuni hiyo popote, lakini dole gumba lake linaijua. Cherehani ya kukanyaga nayo ina njia yake: mkanda wa ngozi ukilegea, fundi anaukata kipande kidogo na kuuunga upya kwa ile pini ya waya. Kusogeza mota au kufupisha mkanda: hizo ndizo njia mbili tulizokua tukiziona, na ndizo zinazotufanya tutafute kwenye draya kitu ambacho hakimo.

Draya imefuata njia ya tatu, na ili kuielewa lazima kwanza uione kazi yenyewe. Pipa la draya ya Kimarekani lina kipenyo cha kama sentimita 68. Chini yake kuna mota yenye puli ndogo ya chuma, karibu sentimita 2 tu, sawa na unene wa dole gumba. Mota hiyo inazunguka mara 1,725 kwa dakika. Gawanya 68 kwa 2 upate 34, kisha gawanya mizunguko ya mota kwa 34, na utapata kwamba pipa linazunguka kama mara 50 kwa dakika. Kasi hiyo inatosha kuzipandisha nguo hadi juu na kuziacha ziporomoke ndani ya hewa ya moto. Hakuna gia wala mnyororo. Mkanda unalizunguka pipa kwa nje, umelala juu ya bati laini lisilo na mfereji wowote, kisha unashuka kwenda kwenye puli ya mota. Pipa lenyewe ndilo puli kubwa.

Kwenye pipa mkanda hautelezi kirahisi, maana umelikumbatia karibu mzunguko mzima. Shida iko kwenye puli ndogo. Hapa mabaharia wa majahazi wanaweza kutusaidia kuliko mafundi wa umeme. Ukiishika kamba ya jahazi kwa mikono mitupu, mkondo utakuburuta mpaka majini. Ukiizungusha mara mbili kwenye nguzo ya gati, mtu mmoja anakizuia chombo kizima huku anapiga soga. Nguvu zake ni zile zile, ila kamba imegusa nguzo sehemu kubwa zaidi. Leonhard Euler aliyaweka haya kwenye hesabu katika karne ya 18: kadiri kamba inavyoikumbatia nguzo, mshiko hauongezeki kwa kujumlisha, unaongezeka kwa kuzidisha. Tuseme msuguano ni 0.5. Mkanda uliogusa robo tu ya puli unaweza kuvutwa upande mmoja mara 2.2 ya upande wa pili kabla haujateleza. Ukigusa nusu ya puli, inakuwa mara 4.8.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo puli ya tatu, ile ya kukazia. Inausukuma mkanda kwa mgongo, kwenye upande wake bapa, na hapo inafanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza inaupinda mkanda ili uikumbatie puli ya mota vizuri zaidi. Pili, kwa kuwa imeegemea springi, inaufuata mkanda popote uendako: ukichakaa kidogo, springi inajongea, pipa likijaa mataulo yaliyolowa na kucheza kidogo, springi inacheza nalo. Dole gumba la Baba linapima mara moja kwa mwezi. Springi inapima muda wote mashine inapozunguka.

Nilipomweleza hivyo akanitazama kidogo, akasema, "Na springi ikichoka?"

Lilikuwa swali bora kuliko langu. Kwa uzoefu wangu springi si kitu cha kwanza kuchoka. Kinachokwama ni ekseli ya puli ya kukazia. Kijigurudumu chake cha plastiki kinazunguka juu ya pini ya chuma bila beringi ya maana, miaka nenda rudi, ndani ya joto na manyoya ya nguo. Ulainisho ukikauka kinaanza kulia, kisha kinazunguka kwa shida, na mwisho kinasimama kabisa huku mkanda ukiendelea kupita juu yake. Mkanda unaosuguana na plastiki iliyosimama unapata moto, mgongo wake unang'aa kama kioo, na siku moja unakatika. Mwenye nyumba ananunua mkanda mpya, anaufunga juu ya puli ile ile iliyoua wa kwanza, halafu anamlaumu muuzaji.

Kwa hiyo mkanda ukilegea, mimi nafuata mpangilio huu. Ninaloanza kulishuku ni mkanda wenyewe kuwa wa urefu usio wake, hasa kama ulinunuliwa kwa kukisia. Sentimita chache zikizidi, puli ya kukazia inafika mwisho wa safari yake na haina tena cha kusukuma. Zikipungua, springi inavutika kupita kiasi na mota inabebeshwa mzigo wa upande mmoja. Kisha naangalia njia ya mkanda: umepita upande sahihi wa puli ya kukazia, au aliyeufunga ameuzungusha moja kwa moja kwenye mota? Baada ya hapo ndipo naitazama puli yenyewe, na springi naiacha mwisho. Yupo pia anayedhani mkanda umerefuka kwa uzee. Ndani ya mpira huu kuna nyuzi imara ambazo hazirefuki kirahisi. Kinachoisha ni matuta yake.

Na hayo matuta ndiyo yanayowakosesha wengi dukani. Mkanda wa draya ni mwembamba kuliko mtu anavyotarajia. Wetu una upana wa milimita 6 hivi na urefu wa sentimita 234. Ukiushika unadhani ni kamba ya kiatu cha jitu. Upande mmoja ni bapa, upande wa pili una matuta membamba yanayokwenda urefu wote, kama shamba la viazi la huko Njombe ukilitazama kutoka kilimani. Mikanda ya draya za Ulaya imechapwa maandishi yanayosema kila kitu. Ukiona 1975 H7, ujue urefu ni milimita 1,975, umbo ni H, na matuta ni 7. Kwenye umbo la H, kutoka tuta hadi tuta ni milimita 1.6. Umbo la J, unaloliona kwenye mashine nyingi za kufulia, lina milimita 2.34. Mezani mikanda hiyo unaweza kuidhania ndugu wa tumbo moja, lakini kwenye puli isiyo yake mkanda utapanda juu ya mifereji na kujitafuna. Maandishi yakiwa yamefutika, usipime mkanda wa zamani kwa macho. Chukua namba ya modeli ya mashine, ambayo mara nyingi imebandikwa ndani ya fremu ya mlango, na ununue kwa namba hiyo.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, hakikisha kwamba mkanda ndio uliokatika. Chomoa plagi, fungua mlango, tia mkono ndani na uzungushe pipa. Mkanda ukiwa mzima utahisi uzito wa mota unaokuvuta. Ukiwa umekatika, pipa linakwenda kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Jaribio hili la sekunde tano limeokoa mota nyingi kutupwa bure, kwa sababu draya kadhaa zina swichi ndogo inayokata umeme mkanda unapokatika. Unabonyeza kitufe, kimya, na jirani anakwambia mota imeungua. Kumbe mota ni nzima, inasubiri mkanda.

Masikio nayo yanafika kabla ya spana. Mlio mwembamba wa kupiga yowe, unaopungua mashine ikishapata moto, mara nyingi ni puli ya kukazia. Mngurumo wa haraka, kama lori kwenye barabara ya matuta madogo madogo, ni vile vigurudumu vinavyolibeba pipa kwa nyuma. Kwa kuwa ni vidogo, vinazunguka mara nyingi sana kwa kila mzunguko mmoja wa pipa. Mshindo wa taratibu, dufu, dufu, karibu kila sekunde moja, unatoka kwenye pipa au kwenye mkanda, na hapa kuna mchezo mdogo ninaoupenda. Mzunguko wa pipa kwa nje ni kama sentimita 215, ilhali mkanda una sentimita 234. Pipa likienda mara 50, sehemu moja ya mkanda inarudi pale pale mara 46 tu. Kwa hiyo mshindo wa mkanda uliochanika unabaki nyuma ya pipa kidogo kidogo. Ukiusikia mshindo unaopishana na mngurumo wa pipa badala ya kwenda nao sambamba, agiza mkanda kabla haujakatika na mataulo ya wageni ndani.

Kazi ya kufungua nitaieleza kwa mashine ya aina yetu, yenye chujio la manyoya juu ya kifuniko, maana ndiyo niliyoifungua kwa mikono yangu na ni ya kawaida sana katika nyumba za Marekani. Plagi inachomolewa, si kuzimwa tu. Draya ya umeme ya huku inatumia volti 240 kwenye soketi ya ampea 30, na umeme wa hapo hausamehe. Iliyo ya gesi, funga valvu pia. Na vaa glavu. Mabati ya ndani hayakusafishwa makali, kwa sababu aliyeyakata hakutegemea mtu mwingine angeyashika.

Ukitoa chujio utaona skrubu mbili pembeni mwa tundu lake, zifungue. Kifuniko cha juu kimeshikwa mbele na klipu mbili zilizojificha, moja kila upande, sentimita chache kutoka kwenye kona. Kikwangulio cha rangi, kile kipana na chembamba, kinaingia kwenye mwanya, unasukuma, klipu inaachia kwa sauti ya kukutia wasiwasi. Inua kifuniko kama boneti ya gari, kiegemeze ukutani. Chomoa waya wa swichi ya mlango. Kwa ndani, juu ya bati la mbele, kuna skrubu mbili zinazolishika. Hapa tulia, kwa sababu bati la mbele si pambo: ndilo linalolibeba pipa kwa upande wa mbele. Ukilitoa bila kuliegemeza pipa, litashuka. Baba aliweka goti lake chini ya pipa bila kuambiwa.

Bati lilipotoka, tulichokiona kwanza hakikuwa mkanda. Ilikuwa ni manyoya. Yamejaa sakafu nzima ya mashine kama usufi uliopasuka kutoka kwenye mto, yamekizunguka kiti cha mota, mengine yamegeuka rangi ya kahawia. Katikati yake kulikuwa na senti 25 tatu, kifungo cha shati na pini ya hijabu. Mkanda ulikuwa umejikunja pembeni kama nyoka aliyekanyagwa. Na karibu na mota kilikuwapo kipande cha bati kilichopindwa, chenye kijigurudumu cheupe, kimelala ubavu bila skrubu hata moja.

"Hiki kimekatika," Baba akasema.

Hakikuwa kimekatika, na hapa ndipo wengi wanaponunua mashine mpya. Kipande hicho ndicho puli ya kukazia. Kwenye aina hii hakifungwi kwa bolti. Mguu wake unaingia kwenye tundu la sakafu, na kinachokisimamisha ni mkanda wenyewe. Mkanda ukikatika, kinaanguka. Tukakichukua, tukakizungusha kijigurudumu kwa kidole. Kilitoa mlio kama wa mlango wa stoo, kikasimama kabla ya kumaliza mzunguko. Hapo tukampata mhusika.

Lakini hakuwa peke yake. Pipa likiwa halina mkanda, unapata nafasi ambayo hutaipata tena: kulisikiliza likizunguka kwa mkono bila mota. Likizunguka kimya na kusimama polepole, vigurudumu vyake ni vizima. Letu lilikwaruza. Kigurudumu cha kushoto kilikuwa kimechakaa upande mmoja, kikawa kama sarafu iliyosagwa. Tulibadilisha vyote viwili pamoja na puli ya kukazia, kwa kuwa vinauzwa kwenye kifurushi kimoja na mkanda, na sikuona sababu ya kufungua bati lile mara mbili kwa ajili ya kuokoa dola chache. Jambo moja tulilojizuia ni kupulizia mafuta mepesi ya kopo. Yanatuliza mlio kwa siku mbili, halafu yanakusanya manyoya na kuwa gundi, na yakigusa mkanda yanaulainisha mpira. Sabuni ya mche, ambayo watu huipaka kwenye feni belti ya gari inayolia, nayo haina kazi hapa. Mkanda unaolia anayeuumiza ni mwingine.

Kuuvalisha mkanda mpya ni rahisi kuliko kuueleza. Unaupitisha juu ya pipa, matuta yakitazama ndani. Usikisie mahali pa kuuweka: mkanda wa zamani umeacha mstari unaong'aa kwenye bati la pipa, fuata huo. Kisha unalala kifudifudi, mkono mmoja huku na mwingine kule, unasimamisha puli ya kukazia kwenye tundu lake, unaukunja mkanda uwe kitanzi, unaupitisha chini ya puli hiyo na kukivalisha kitanzi kwenye puli ya mota. Mgongo bapa kwa puli ya kukazia, matuta kwa mota. Ukishaingia, achia polepole. Springi inavuta, kipande kile cha bati kinasimama chenyewe wima, na kukaza kote kumekwisha. Zungusha pipa kwa mkono mara tatu nne uone kama mkanda unatulia kwenye mstari wake au unatembea. Ukitembea, umejipinda mahali fulani, geuza tena. Angalia pia kile kitambaa kizito kinachozunguka ukingo wa pipa kisijikunje unaporudisha bati la mbele, maana kikijikunja kitameza soksi, na soksi iliyoingia hapo ndiyo huanza kulikwamisha tena pipa na kuumiza mkanda wake.

Tukafagia, tukafyonza yale manyoya kwa mashine ya kufyonza vumbi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya siku ile kuliko mkanda. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2008 hadi 2010 zilikadiria moto wa draya 2,900 kwa mwaka katika makazi, vifo 5 na majeruhi 100, na sababu iliyoongoza, asilimia 34, ilikuwa kutokusafisha. Agosti 2016, moto uliounguza nyumba kadhaa katika jengo refu la Shepherd's Court, London, ulianzia kwenye draya ya aina iliyokuwa imeshatolewa tahadhari kwamba manyoya yanaweza kugusa hita. Mkanda uliokatika unaingia kwenye hesabu hii kwa njia yake. Kwenye mashine zisizo na swichi ya mkanda, mota inaendelea kuvuma, hita inawaka, na nguo zimelala mahali pamoja zikipigwa na hewa ya moto. Kuna kidhibiti joto cha kukata, lakini kukiegemea hicho peke yake ni kama kulala mlango wazi kwa kuwa mbwa yupo. Draya isiyozunguka isiwashwe tena "kujaribu".

Yapo mambo mawili yanayoweza kumzuia mtu mwenye mikono mizuri kuifanya kazi hii. La kwanza ni upangaji. Wengi wetu huku tunapanga, na draya ni mali ya mwenye nyumba. Ukiifungua na baadaye ikaleta hitilafu, ushahidi wa skrubu zilizoguswa utakuwa upande wake. Andika ujumbe, subiri, nenda kwenye dobi la sarafu wiki hiyo. La pili ni aina ya mashine. Draya mpya za pampu ya joto, zinazotumia umeme kidogo na ambazo Ulaya sasa inazisukuma kwa sheria, zina mkanda ule ule na springi ile ile, lakini vimezungukwa na kompresa na mabomba ya gesi ya kupoozea. Kufikia mkanda kunahitaji mpangilio mwingine wa kufungua, na bomba moja likipasuka mashine nzima imekufa. Kwa hizo mimi ningemwita fundi bila kuona aibu. Angalau kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Julai 2025 zinamtaka mtengenezaji aendelee kutoa vipuri vya draya kwa miaka 10. Uingereza, ilipoweka haki ya vipuri Julai 2021, ilizitaja mashine za kufulia na friji, ikaziacha draya.

Kuhusu gharama sina mengi ya kusema. Mkanda peke yake huku unapatikana chini ya dola 20. Kumwita fundi afike tu mlangoni kunazidi hapo mara kadhaa, kabla hajagusa skrubu.

Kuna wanaofikiria kuzitia draya za namna hii kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam, na kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja niseme. Hita ya draya ya Kimarekani ni ya volti 240, na hilo huwadanganya watu wakadhani nyumbani itafanya kazi moja kwa moja. Mota yake ni ya volti 120, inachukua nusu tu ya umeme ule kupitia waya wa nyutro. Nyumbani utahitaji transfoma kwa ajili ya mota, na hata ukiipata, umeme wetu ni wa hezi 50, si 60, kwa hiyo mota itazunguka polepole: pipa la mara 50 linakuwa la kama mara 42. Baba alisikiliza maelezo hayo yote kwa adabu, kisha akasema kwao kuna jua.

Ila kwenye mkanda wa zamani hakuwa na utani. Tulipomaliza, mashine ikizunguka kimya na suruali zangu zikiporomoka ndani, aliuokota kutoka kwenye ndoo ya takataka, akauvuta kwa mikono miwili, akauzungusha kiganjani. Ulikuwa umekatika mahali pamoja tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nzima, sentimita mia mbili na zaidi za mpira wenye nyuzi ndani. Akaukunja, akautia kwenye sanduku lake pamoja na dawa zake za presha. Mwezi wa nne shemeji alitutumia picha kutoka Njombe: gunia la mahindi juu ya keria ya baiskeli, limefungwa kwa mkanda mweusi mwembamba wenye matuta, fundo likiwa limekazwa barabara.